Mkono Chini ya Mlango

Wiki tatu naifanyia mazoezi hotuba yangu.
Nikitoka zamu ya usiku, kiti cha mwisho cha basi,
midomo inacheza peke yake, dereva ananiona kiooni:
"Mwanangu, mwili una salamu zake…"
Hapana. "Mwanangu, umekua." Hilo analijua,
viatu vya Septemba vimeshamkataa.

Mimi nilikuwa na somo, Bi Mwanapili, shoga yake mama,
alinifungia ndani siku saba, akanisinga kwa liwa,
akanieleza mengine kwa maneno, mengine kwa kukohoa.
Hapa Middlesbrough nani awe somo?
Muuguzi wa shule kaleta karatasi yenye mchoro,
na mchoro unafanana na kichwa cha ng'ombe.
Basi nimekuwa mama, nimekuwa somo,
kanga mpya nimeificha chini ya mashuka,
jina lake: KUA TARATIBU, NIPO.

Rayyana ana miaka kumi na miwili na miezi minne.
Mwaka jana alinihadithia yote, toka getini hadi jikoni,
nani katapika, mwalimu gani soksi zake hazifanani,
mpaka namwambia, vuta pumzi, mama.
Sasa nauliza, "Shule?" Anajibu, "Kawaida."
Neno moja, na kitasa juu yake.
Kioo kimemwajiri: kila asubuhi yuko kazini dakika arobaini,
mshahara hakuna, na bosi haridhiki.

Ninachojua nimekiokoteza.
Lilikuwepo kundi la wasichana watano kwenye simu,
Jumapili moja wakawa wanne.
Aliyemtoa ni Maisie, aliyelala hapa sijui mara ngapi,
aliyekula mkate wangu wa mchele akaomba wa kupeleka kwao.
Sababu? Ndogo, kama mchanga jichoni:
alicheka pasipochekwa.
Tangu hapo chakula cha mchana anakilia maktaba,
ambako kula hakuruhusiwi.

Nilitaka kwenda kwa mama yake Maisie. Nilishavaa na koti.
"Ukienda sitakusamehe," alisema, kwa Kiingereza,
lugha anayoitumia akitaka kuniacha nje.
Nikavua koti.

Alhamisi karudi, sweta kalifunga kiunoni.
Moyo ukafika kabatini kabla ya miguu.
"Mwanangu," nikaanza, "mwili…"
"Nimeshajua, mama. Nimeshapata."
"Kwa nani?"
Akakaa kwenye ngazi, ya tatu kutoka chini,
akavua kiatu kimoja, cha pili akakisahau.

Alikuwa chooni, kajifungia, kengele imeshalia,
hana kitu ila ile karatasi ngumu ya shule.
Akaona viatu nje ya mlango. Kamba za kijani. Akavijua.
Kimya.
Kisha mkono chini ya mlango,
kucha za zambarau, rangi imebandukabanduka,
umeshika kipakiti.
Mkono ukangoja. Ukatikisika kidogo: shika, basi.
Akashika.
Viatu vikaondoka.

"Mlisemezana baadaye?"
"Hapana."
"Kakurudisha kundini?"
"Mama! Hapana."
"Sasa…"
"Sijui," akasema,
na mara hii ilikuwa sijui ya kweli.
Mimi pia sikujua. Tukakaa nayo pale kwenye ngazi.

Hotuba yangu haikupata pa kuketi. Nilimpa kanga.
Alisoma jina lake kwa sauti, akikwama kwenye "taratibu",
kama asomaye kibao cha mtaa asioujua.
"Naivaa wapi hii?"
Popote, nikasema. Akapanda nayo juu.
Usiku nikapita: kaitundika dirishani,
taa ya barabarani imekuwa ikimsumbua.

Nami sikulala, nazifikiria zile kucha.
Nani alimfunza Maisie kungoja?

Asubuhi nikamfungia vipande viwili vya mkate wa mchele.
Sikusema cha pili cha nani.
Jioni chombo kimerudi na kipande kimoja na nusu.
Ile nusu kaila nani, sijauliza.